Kifo cha Kisigino katika Sehemu ya Kwanza

Watu wengine hufa mara moja wakanyamaza. Shemeji yangu alikufa mwaka mzima, mchana kweupe, mbele ya wateja, na kila alipokufa alikufa vizuri kuliko jana.

Namsema mume wa dada yangu, fundi viatu, ambaye mtaa mzima unamwita Kisigino. Mguu wake wa kulia uliishia gotini tangu siku lango la ghala lilipochomoka kwenye reli likamwangukia, enzi hizo akiwa kijana wa kupakia mizigo. Hospitali walimpa magongo. Akayatumia mpaka akachoka kupewa pole na watu asiowajua, ndipo akachukua fremu ya mlango uliong'olewa, akajichongea mguu, akautia mikanda ya ngozi na soli ya tairi. Mimi ndiye niliyeshika msumeno upande wa pili, na nasema bila kujisifu, upande wangu ndio uliokatwa sawasawa.

Basi ikaja kampuni ya filamu. Wakakodi kiwanda cha zamani cha nguo, kile kilichobaki madirisha matupu, wakajenga uani merikebu nzima ya mbao na mabati yaliyopakwa rangi, na mbele yake wakachimba bwawa. Ilikuwa filamu ya maharamia: nahodha aliyelaaniwa, dhahabu inayoyeyuka ukiigusa, na pweza mkubwa kama ghorofa anayevunja merikebu na kumeza mabaharia kama karanga. Wakatangaza wanataka watu wa kujaza merikebu. Mimi nilikuwa wa kwanza langoni. Walinitazama, wakanizungusha, wakasema uso wangu ni wa mtu mwema mno, hautishi hata kuku. Nilikubali. Mtu hawezi kubishana na uso wake.

Lakini Kisigino alipoingia akichechemea, ko, ko, ko, juu ya sakafu ya saruji, msimamizi wa wale watu wa kujaza, mama mmoja aliyekuwa haonekani bila kipaza sauti mkononi, akapaza: "Huyo mwenye mguu! Asiondoke!"

Bi Kipaza, ndivyo tulivyomwita, alimfunga kitambaa kichwani, akambandika ndevu za gundi, akampandisha merikebuni. Siku ile shemeji alirudi nyumbani akaniambia, "Shem, mguu huu tangu nilipoumia umenifungia milango. Leo umenifungulia mmoja."

"Si ajabu," nikamwambia, "unatembelea fremu."

Alicheka mpaka akajifuta machozi. Nadhani machozi mengine hayakuwa ya kucheka, lakini hayo nilimwachia mwenyewe.

Tangu hapo basi. Ukimpelekea kiatu, anakuuliza kama umesikia alivyouawa na pweza. Hata ukisema umesikia, haikusaidii kitu. Anaacha sindano ndani ya kiatu chako, anashika kifua, anazunguka, anatoa ulimi nje, anaanguka juu ya rundo la viatu vya watu, na ule mguu unapiga ukuta wa kibanda mara ya mwisho: ko! Halafu anafungua jicho moja kuangalia kama umeguswa.

"Wewe mwanamume, shona kiatu," dada yangu alikuwa akimwambia. "Marehemu hana wateja."

Filamu ilipotoka tulikwenda ukumbini ukoo mzima, tukajaza safu mbili. Hapa ndipo penye kosa letu, na sijui ukoo mwingine ungefanyaje. Shemeji alipotokea tu kwenye kioo, ndevu mpaka kifuani, upanga mkononi, tulisimama wote tukapiga kelele. Dada alirusha mtandio juu. Mimi nilipanda juu ya kiti ili walio nyuma wajue huyo ni wa kwetu. Watu wakazomea, wahudumu wakaja na tochi, na walipofaulu kutukalisha, merikebu ilikwisha kuzama na nahodha alikuwa juu ya mwamba akichekea dhahabu yake. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona shemeji amekufaje. Na nani angehangaika? Mwenyewe alikuwa ameshatuonyesha mara ngapi!

Mwaka ukaisha. Redio ikatangaza kwamba kampuni inarudi kwa sehemu ya pili, kubwa kuliko ya kwanza: merikebu mbili, pweza na mkewe, na kazi ya msimu mzima. Kisigino hakungoja aitwe. Alimwachia fundi mwenzake kibanda, kiti na pembe yake ya barabara, akasema yeye sasa ni mtu wa filamu.

"Umeitwa?" dada akamuuliza.

"Nitaitwa. Maharamia wa mguu wa mti wamejaa barabarani?"

Asubuhi ya kuchaguliwa watu tukaenda watatu: yeye, dada, na mimi wa kumsemea, maana mdomo wangu unafungua hata kufuli lenye kutu. Langoni tukamkuta mlinzi, mteja wake wa siku nyingi.

"Kisigino," mlinzi akasema, akikwepa kumtazama, "mwaka huu kuna sharti. Aliyekufa sehemu ya kwanza haingii. Wanataka waliopona tu, maana watazamaji wana macho. Na wewe, ndugu yangu, ni marehemu. Si ulinifia mwenyewe, buti langu liko mkononi mwako?"

Wakati anasema hayo akapita kinyozi wa mtaa wa pili, ambaye sote tunajua alikatwa kichwa mchana wa kwanza kabisa wa sehemu ya kwanza. Amenyoa ndevu, amefuga masharubu, akaingia anapiga mluzi. Mtu wa miguu miwili anaweza kufa na kurudi atakavyo, nani atamjua? Lakini mguu wa Kisigino haunyoleki.

Shemeji alinishika mkono. "Shem," akasema polepole, "kibanda nimeshatoa."

Hapo nikaacha mzaha. Nilimwona jinsi alivyokuwa: huku hana pembe ya barabara, huku hana merikebu, na mtaa mzima uko tayari kushuhudia kwamba amekufa, kwa sababu ameuapisha mwenyewe. Mdomo huponza kichwa, lakini wa shemeji ulikuwa umeponza mpaka mguu.

Nikapaza sauti mpaka Bi Kipaza akatoka. Alipomwona, uso wake ukalegea.

"Baba, nakukumbuka," akasema, kipaza amekishusha. "Nani atakusahau? Lakini ulikufa."

"Sikufa, mama."

"Mlinzi anasema ulikufa."

"Huyo mteja. Mteja anaambiwa anachopenda kusikia."

"Pweza alikupiga."

"Nilizirai."

"Mama," nikadakia, "mimi nilimwona kwa macho yangu mawili akipona."

"Alifanya nini?"

"Alipona," nikasema, "kwa ujasiri mkubwa."

Bi Kipaza alinitazama kama mtu anayetazama chenji bandia. "Njooni," akasema. "Tuitazame. Picha haina shemeji."

Alituingiza katika chumba ambacho zamani kilikuwa ofisi ya mhasibu wa kiwanda. Bado kuna dirisha dogo lenye nondo na ubao wa funguo usio na funguo. Kwenye meza palikuwa na kompyuta. Sisi wawili tukasimama nyuma, Kisigino akapewa kiti.

"Dada, na wewe umefuata nini?" Bi Kipaza akamuuliza.

"Nimekuja kuangalia kama nimekuwa mjane."

Picha ikaanza. Alipotokea na upanga wake, nikaona mikono ya dada inapanda, na goti langu, Mungu ni shahidi, linatafuta kiti cha kupanda.

"Tulieni!" Bi Kipaza akatukemea, kwa kipaza, ndani ya chumba kile kidogo.

Tukatulia, na kwa mara ya kwanza tukatazama. Mkono wa pweza ukashuka kutoka juu, mzito, umejaa utelezi. Haukumfikia. Shemeji alikufa kabla. Ulikuwa bado uko mbali yeye ameshashika kifua, amezunguka, ametoa ulimi, ameanguka chali. Ni kifo kile kile cha kibandani, hatua kwa hatua, isipokuwa hakukuwa na viatu.

Bi Kipaza akaisimamisha picha. Ulimi wa shemeji ukajaa kwenye kioo.

"Baba, huu ni ulimi wa mtu aliye hai?"

Kisigino aliinamisha kichwa. Alikuwa akiutazama mguu wake, na kidole chake kinasugua mkanda wa ngozi pale ulipochakaa.

"Endelea mbele," dada akasema.

"Dada, mbele ni maji tu. Wote wanazama."

"Endelea, tafadhali. Mfa maji haachi kutapatapa, na huyu namjua. Hata usingizini hatulii."

Picha ikaendelea. Merikebu ikapasuka, watu wakateremka majini, bwawa likawafunika. Kofia zikaelea, mapipa yakaelea. Na pembeni kabisa, upande wa kushoto, kikachomoza kitu kama kigingi.

"Mguu wangu huo!" Kisigino akaruka kutoka kitini. "Nimekumbuka! Tuliambiwa tuzame, wenzangu wakazama kama mawe. Mimi nikizama, mti unanipandisha. Walinisukuma kwa fito, nikapanda tena. Mwishowe wakaniegemeza kwenye pipa, wakasema basi, kaa hapo hapo ukiwa umekufa."

Pipa likageuka taratibu. Kweli, yuko juu yake, macho kafumba, ulimi nje.

Bi Kipaza akashusha pumzi. "Samahani, baba. Kuelea siyo kupona." Kidole chake kikaenda kuzima.

"Subiri!" dada akamdaka mkono.

Mkono wa marehemu ulikuwa unatoka majini. Ulitoka polepole, kwa hila, kama wa mwizi anayepapasa mfuko wa mtu. Ukapanda kifuani, ukafika shavuni, ukaingia ndani ya zile ndevu, na ukajikuna. Tena siyo kidogo. Alijikuna kwa raha, kwa vidole vyote, kichwa kikiinama upande kama mbuzi anayesugua shingo kwenye nguzo, na raha ilipomzidi, ule ulimi ukarudi mdomoni wenyewe. Nyuma yake nahodha alikuwa anacheka kwenye mwamba, ndiyo maana dunia nzima ilikuwa inamtazama nahodha.

"Ile gundi!" Kisigino akapiga kelele. "Ukiloa inawasha kama siafu! Ningefanyaje?"

Bi Kipaza akarudisha picha nyuma. Akaitazama tena. Akarudisha tena. Mabega yakaanza kumtikisika, akakiweka kipaza sauti mezani, mara ya kwanza namwona hana kitu mkononi, akacheka mpaka akashika meza.

"Maiti hajikuni," akasema alipopata pumzi.

"Hajikuni kabisa," dada akasema.

"Alimdanganya pweza," akaendelea, sasa anajisemea mwenyewe, anazungukazunguka chumba. "Alijifanya amekufa. Ndiyo. Haramia mmoja alijifanya amekufa, akaelea na pipa mpaka nchi kavu, na ndiye anayejua nahodha yuko wapi. Baba, nenda kachukue ndevu zako."

Nimeshuhudia watu wakipokea habari njema: wengine hupiga vigelegele, wengine huomba maji. Kisigino alishusha pumzi moja ndefu, mabega yakashuka, na nikajua kumbe alikuwa ameibana tangu langoni. Akaketi. Akaupapasa ule mguu mara mbili, kama unavyompapasa punda aliyekufikisha.

"Nilisema alipona," nikawakumbusha. Hakuna aliyenisikiliza, ndiyo shukrani ya ndugu.

Tukatoka uani, ko, ko, ko, jua linawaka juu ya mabati ya merikebu mpya. Mlinzi akanyoosha mkono: "Marehemu, vipi?"

"Nilizirai tu," Kisigino akamwambia, na akaanza pale pale kumwonyesha jinsi mtu mwerevu anavyozirai: anashika kifua, anazunguka. Dada akamvuta shati kabla hajatoa ulimi. Alimsogeza kando, akamnyoosha kola, na mkono ukabaki begani mwake muda mrefu kidogo kuliko kola inavyohitaji.

"Nisikilize, baba watoto," akamwambia. "Humo ndani nasikia kuna pweza wawili. Wakikuambia ufe, kufa. Lakini kabla hawajazima mitambo yao, nakuomba, jikune."