Mbio za Mwisho za Mwalimu Matthias

Niliondoka Moshi Septemba ya mwaka 2006 kwa sababu ya barua moja. Ilitoka kwa Matthias, Mjerumani aliyenifundisha ufundi wa magari nilipokuwa na miaka kumi na minane, naye mwenyewe hajafikisha ishirini na mitatu. Alikaa chuoni kwetu miaka miwili, akarudi kwao, akawa dereva wa mbio ndefu za magari, zile ambazo madereva wawili au watatu hupokezana gari moja kwa saa sita, saa kumi na mbili, hata siku nzima. Miaka yote hiyo hakuacha kuniandikia. Safari hii aliandika kutoka Minnesota, Marekani, alikohamia na mke wake Carol.

"Gasper," aliandika, "Septemba nakimbia mbio zangu za mwisho. Njoo. Nataka awepo mtu anayejua magari na asiyeniogopa."

Nilifika Minneapolis mchana, miguu imevimba kwa kukaa kwenye ndege. Neema, binti wa kaka yangu, alikuwa ananisubiri na koti mkononi. Ni mfamasia, alikuja huku kusoma akabaki.

"Shikamoo baba mdogo. Vaa hili kwanza, usiseme huna baridi."

Tulikwenda kwake Lakeville, kusini mwa jiji, kwenye nyumba zinazofanana mpaka nikamuuliza anaitambuaje yake. Wanawe wawili walinisikiliza kwa makini nilipowasalimu kwa Kiswahili, wakanijibu kwa Kiingereza, kisha wakaniletea picha za magari ya mbio walizochora kwa ajili yangu.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, Matthias alikuja kunichukua. Nywele zimekuwa nyeupe, mwili bado mwembamba.

"Shikamoo Mwalimu," nikasema.

"Marahaba," akajibu kwa sauti ya mtu aliyeingoja salamu hiyo miaka thelathini, akanikumbatia. "Panda motokaa." Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha chuoni, hakikuongezeka wala kupungua.

Mchana tulisimama Frogtown, mtaa wa Saint Paul, mji pacha wa Minneapolis, tukala supu ya tambi kwa mama mmoja wa Kivietinamu aliyemjua Matthias kwa jina. Hapo ndipo aliponisimulia maisha yake ya usukani kwa mpangilio, maana katika barua alikuwa akiruka-ruka. Alianza na gari kuukuu la babake kwenye barabara za milimani. Baadaye timu ndogo ikamchukua kama dereva wa tatu, yule anayepewa zamu ambazo wenzake hawazitaki: za mvua na za ukungu. Misimu zaidi ya ishirini ilipita hivyo. Mbio kubwa hakuwahi kushinda. Mara moja alishika nafasi ya pili, na mara moja alisukuma gari kwa mikono mpaka kwa mafundi, mafuta yamekwisha.

"Wengi walikuwa na kasi kuliko mimi," alisema huku akikamulia ndimu kwenye supu. "Lakini mimi nilirudisha motokaa nzima. Matairi mazima, breki nzima. Mwenzangu akipokea, anapokea kitu cha kuendeshea. Ndiyo sifa yangu, sina nyingine."

Jioni tulifika kwake Anoka, mji wa zamani kando ya mto, kaskazini kabisa mwa jiji. Carol alinipa chumba chenye dirisha la kuangalia maji, akanipikia wali, akaniomba msamaha kwa jinsi ulivyotoka. Nilikula wote.

Siku ya nne tulisafiri mwendo wa saa mbili kwenda uwanja wa mbio kwa majaribio. Mwenye timu alikuwa Linda, daktari wa meno wa Saint Paul, na dereva mwingine, Erik, alikuwa mwalimu wa hesabu. Nilipewa kazi ya ubao, yaani kusimama kwenye ukuta ulio kando ya njia ya mbio na kumwonyesha dereva maandishi anapopita. Kwa utani wetu, mimi na Matthias tulikubaliana niandike kwa Kiswahili.

Mchana aliendesha vizuri sana. Alikuwa akiingia kwenye kona taratibu na kutoka kwa kasi, bila kelele za tairi, nami nilisimama pale nikijivuna kama mzazi.

Saa kumi na mbili jua likashuka mbele yake. Niliandika INGIA, yaani atoke njiani aje kwa mafundi. Akapita. Mzunguko wa pili akapita tena, na kwenye kona ya mwisho alichelewa kushika breki mpaka gari likakanyaga majani. Mzunguko wa tatu niliinua ubao juu ya kichwa changu. Akapita. Ikabidi Linda amwite kwa redio, ndipo akaingia.

Nilimfuata kwenye maegesho, tukiwa wawili tu.

"Mwalimu, ubao uliuona?"

"Niliuona."

"Niliandika nini?"

Alivua glovu moja, kisha ya pili. "Redio ilikuwa na kelele."

"Sikuulizi redio."

Alikasirika. Alinigeuzia mgongo, akafungua buti la gari, akalifunga bila kutoa kitu. Sikuwa nimewahi kumpinga hata siku moja.

"Jua likishuka sioni vizuri," alisema mwishowe. "Tangu mwaka jana. Carol hajui. Nilidhani mbio moja tu nitaweza."

"Na Erik? Na wale wengine uwanjani?"

Alizikunja glovu, akazitia mfukoni.

"Umesema siku zote ulirudisha gari zima," nikamwambia. "Basi na hili lirudishe zima."

Akanipa funguo. "Endesha wewe. Upande wa kulia, usisahau."

Kwa hiyo nikamwendesha mwalimu wangu mpaka Anoka kwenye barabara pana nisiyoijua, jasho likinitoka. Aliniambia maneno mawili tu njia nzima: "Punguza gia."

Asubuhi iliyofuata alimweleza Carol mezani. Carol aliweka kikombe chini. "Tangu masika nimekuwa najidai napenda kuendesha jioni," alisema. "Nilikuwa nasubiri uniambie." Kisha Matthias akampigia Linda, akamweleza bila kuficha kitu. Linda alitafuta dereva mwingine, akamwomba Matthias aje asimame ukutani na kuwaongoza madereva kwa redio.

Siku ya mbio alikaa pale saa zote sita, akawaongoza madereva wote wawili kona kwa kona. Walimaliza wa saba. Erik aliposhuka alimwendea Matthias kwanza, kabla ya mke wake mwenyewe.

Daktari wa macho aliyempima baadaye alisema ni mtoto wa jicho, na kwamba atamfanyia upasuaji. Nilirudi Moshi kabla ya siku hiyo. Kwenye uwanja wa ndege Matthias aliniambia, "Nilikuita kwa sababu nilijua utaniuliza. Nilibeba jambo hili peke yangu mwaka mzima."

Miaka yote nilidhani heshima kwa mwalimu ni kunyamaza anapokosea. Kumbe mwalimu wangu alikuwa amechoka kunyamaziwa.