Mgongo wa Mama Gathogo

Watiri wa kijiji cha Wamagana alianza kuchuma chai kabla hajaolewa. Mgongo wake ulipokakamaa mwezi wa Aprili, hakuna aliyeshangaa ila yeye mwenyewe. Hata viatu alivalishwa.

Viatu havikumsumbua sana. Kilichomsumbua ni arusi ya mwanawe Gathogo, mwezi wa Agosti. Kwetu, watu wa bwana arusi wakienda kumchukua bibi arusi hukuta lango limefungwa. Wanawake wa ndani huwakejeli kwa nyimbo, wa nje hujibu wakiimba na kucheza huku wameinama, mpaka lango lifunguliwe. Anayetangulia kucheza ni mama wa bwana arusi.

"Utacheza kama mlingoti wa stima," jirani yake Shiku alimwambia. "Watatuacha nje mpaka jioni."

Watiri akaenda hospitali mjini Nyeri. Selpha, mtaalamu wa viungo, alimpima, akaona mifupa ni mizima ila misuli imekaza. Akatandika mkeka, akamwonyesha mkao unaoitwa wa mtoto: unapiga magoti ukiyaachanisha kidogo, unakalia visigino, kisha unainama mbele mikono ikitangulia, mpaka paji la uso litue juu ya blanketi lililokunjwa. Hapo unatulia na kupumua.

"Ukisikia misuli inavutika, baki hapo. Ukisikia maumivu, rudi nyuma. Magoti yakilalamika, weka mto juu ya visigino. Hiyo ni yoga, mama."

"Yoga? Mimi ni mtu wa kanisa, daktari."

"Mgongo hauulizi dhehebu."

Nyumbani, paji la uso liligoma kufika chini. Watiri hajawahi kuheshimu kazi isiyouma, basi akamwita Shiku.

"Nisukume mgongoni. Shindilia!"

Shiku ana mikono ya kupasua kuni. Alishindilia. Watiri alipiga yowe, kuku wakakimbilia kwa jirani, naye akalala kitandani hadi Jumapili.

Alipoweza kutoka, aliketi kwenye kigoda kando ya shamba, akimtazama Shiku akimchumia chai. Kikapu kilikuwa kimejaa, Shiku akawa anayakandamiza majani yaingie mengine.

"Wee Shiku! Usishindilie! Yatapata joto yawe mekundu, karani wa kununua chai ayakatae!"

Shiku akasimama, mkono kiunoni. "Ati majani unayaonea huruma, na mgongo je?"

Watiri akacheka mpaka akashika mbavu, taratibu, kwa sababu hata kucheka kuliuma.

Alianza upya. Kila asubuhi, baada ya kukamua ng'ombe, alipiga magoti juu ya mkeka, akainama mpaka pale misuli ilipovutika, akakaa hapo akipumua. Mwanzoni alihitaji blanketi nene na mto juu yake. Baadaye mto ukarudi kitandani. Julai ilipofika alikuwa akifunga kamba za viatu mwenyewe na kulala usiku kucha bila kuamshwa na maumivu. Shiku naye akaja na mkeka wake, ati amlinde.

Bibi arusi, Nyawira, kwao ni Mwea. Siku ya arusi lango lilifungwa kama desturi, na habari za mgongo zilikuwa zimetangulia. Wanawake wa ndani waliimba: "Mama wa chai amekauka, mgongo wake ni ubao!"

Watiri akapita mbele. Aliinama polepole huku mabega yakicheza, magoti yakagusa ardhi, mikono ikanyooka mbele, paji la uso likashuka karibu na vumbi. Akatulia, akavuta pumzi. Kisha akainuka bila kushikwa, akiimba: "Ubao gani huu unaokunjika?"

Vigelegele vikalipuka pande zote mbili za lango.

"Fungueni," sauti ikasema ndani, "kabla huyu mama hajatuaibisha zaidi!"

Lango likafunguka. Nyuma ya Watiri, Shiku, aliyeinama pamoja naye, alikuwa bado chini, katika gauni lake jipya la kubana.

"Mama Gathogo, niinue!"

"Polepole," Watiri akamwambia, akimpa mkono. "Na mimi sikushindilii."