Sahani Iliyorudi Kutoka Namatala

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, ua wa nyumba yetu kule Mbale ulinukia vitunguu na nyama ya mbuzi tangu asubuhi, nami nimevaa gauni jipya kana kwamba ni mimi niliyetoka rumande. Aliyetoka ni kaka yangu Abdu. Wakati ule mtoto yeyote wa Mbale angekutajia Abdu kabla hajakutajia waziri: mshambuliaji wa timu ya mji, mguu wa kushoto, mwenye mtindo wa kufunga goli halafu kushika kiuno kama bibi harusi. Nilimpenda kaka yangu kupita kiasi, na bado nampenda, ingawa sasa anavuta miguu akitembea na anajifanya hasikii nikimwita.

Lazima nikueleze kwa nini tulimpenda hivyo. Sisi ni Wanubi, kizazi cha askari walioletwa zamani na wakoloni. Babu yetu alikuwa askari, na utawala wa kijeshi ulipoanguka, watu walituona sote kama watoto wa utawala ule, hata sisi wasichana ambao hatukuwahi kushika kitu kizito kuliko ndoo. Tulikimbia. Tuliporudi tulikuta nyumba haina mabati wala milango, na ukisema Kiswahili sokoni, lugha ambayo kule watu waliiona ya wanajeshi, mtu anageuka kukutazama kama umemkanyaga. Kisha Abdu akaanza kufunga magoli. Taratibu majirani wakaanza kutusalimu, na aliyechukua milango yetu akairudisha akisema alikuwa anatutunzia. Abdu alikuwa ukuta wetu, na mtu hapendi kusikia kwamba ukuta wake una ufa.

Ufa ulionekana Jinja. Timu yetu ilicheza kule, na dakika za mwisho Abdu akafunga, lakini mshika kibendera akainua kibendera: ameotea. Mshika kibendera huyo alikuwa mwalimu wa shule kutoka Buwenge, Mwalimu Isabirye, mtu mpole wa miwani. Filimbi ya mwisho ilipolia Abdu akamfuata, akamchapa ngumi ya taya, mwalimu akaanguka. Naye Mafabi, aliyekuwa akibeba mifuko ya timu siku za mechi na magunia ya kahawa kule Industrial, eneo la viwanda, siku nyingine zote, akakimbia akampiga teke akiwa chini. Taya la mwalimu likavunjika. Asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini siku ile hakuna aliyeikumbuka methali hiyo. (Kweli alikuwa ameotea. Abdu mwenyewe alikiri kwangu baada ya miaka mingi, akacheka, kisha akaacha kucheka.)

Wote wawili walikamatwa. Abdu alipata wadhamini, kwa kuwa kila mwenye duka alitaka kumdhamini. Mafabi hakupata hata mmoja, akabaki rumande Jinja.

Siku moja kabla ya Jumamosi ile mwenyekiti wa timu alikuja na habari njema. Alikuwa amezungumza na mwendesha mashtaka na wamepatana. Jumatatu Abdu angekiri kosa dogo, la kumsukuma mwalimu. Angeonywa, angetozwa faini, na timu ingelipa. Kisha angetoa ushahidi kwamba aliyevunja taya ni Mafabi. Kosa kubwa lingebaki kwa Mafabi peke yake, na Abdu angewahi uteuzi wa timu ya taifa.

"Afande amekubali kabisa," mwenyekiti alisema, akimaanisha mwendesha mashtaka. "Mambo imekwisha."

Mama alipiga vigelegele. Bibi yetu, ambaye kwa Kinubi tunamwita Haboba, alikuwa amekaa pembeni akisuka kawa, akauliza bila kuinua macho, "Na ule mwingine?"

"Ule tutaangalia baadaye, Mama."

Haboba akaendelea kusuka. Kesho yake ndiyo hiyo Jumamosi. Sisi mtu wetu akiokoka katika shida tunafanya karama: tunachinja, tunapika, tunalisha majirani kumshukuru Mungu. Na nyumbani kwa Haboba kulikuwa na sharti moja. Sahani ya kwanza hailiwi na mwenye furaha wala mgeni wa heshima. Inapelekwa kwa yule mliyekuwa naye ndani ya shida ileile. Kama mlikimbia vita pamoja, inakwenda kwake. Kama mliugua wodi moja, inakwenda kwake, au kwa watu wake. Hapo ndipo wengine wanakula.

Katika shangwe zetu hakuna aliyelifikiria sharti hilo. Haboba alilifikiria. Alipakua wali na nyama, akafunika kwa kawa yake mpya, akanikabidhi mimi. "Peleka Namatala. Kwa mama ya Mafabi."

Nilikwenda nikinung'unika, nikihofia gauni langu na matope ya Namatala, mtaa wa maskini wa mji wetu. Nilimkuta yule mama nje ya chumba chake akipepeta mtama. Nilimsalimu, nikamwambia hii ni karama ya Abdu, ametoka. Hakunikasirikia, mwanangu, na hilo ndilo lililoniumiza baadaye. Alifuta mikono, akainua kawa, akaitazama nyama, akafunika tena.

"Abdu ametoka, Mungu asifiwe," alisema. "Sasa kijana yangu iko ndani, mimi nakula nyama ya nini? Waliingia wawili. Rudisha, mwanangu. Ambia bibi yako mimi namsalimia sana."

Nilirudi nayo. Ua ulikuwa umejaa, mwenyekiti wa timu amekaa kwenye kiti chetu chenye mikono, na watu wote wananisubiri mimi ili wale. Niliiweka sahani mbele ya Haboba ikiwa bado imejaa, nikasema kwa sauti, ili nionekane mtu mzima: "Yule mama hana shukrani. Amekataa karama."

Haboba alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, lakini alipokuita jina lako lote ulitamani kuwa kuku uingie chini ya kitanda. Aliniita jina langu lote.

"Zamzam binti Ramadhani. Karama haikataliwi. Mtu akikataa, iko na haki yake ndani ya nyumba yako. Wewe umemwona mama analia mtoto, unasema hana shukrani? Shukrani ya nini? Ya kuuziwa mtoto yake?"

Kisha akamgeukia Abdu. "Abdu. Nani alivunja mwalimu?"

Abdu aliangalia miguu yake, ile miguu iliyopendwa na mji mzima. Mwenyekiti akaingilia, "Mama, sheria inaruhusu. Mtu anakiri, anasaidia serikali, anapunguziwa. Sisi hatujavunja kitu."

"Sheria ni nzuri," Haboba alisema. "Kukiri ni kuzuri. Lakini yeye atakiri nusu, na nusu ingine atabebesha mwenzake. Mficha uchi hazai, bwana mwenyekiti."

Ndipo Abdu alipolia, mtu mzima mbele za watu. Akasema jambo ambalo sote tulilijua na hakuna aliyekuwa amelitamka: "Haboba, mimi nikifungwa, nani atawasimamia hapa? Watasema tena sisi ni watu wa jeshi. Watakuja tena kwa hii nyumba."

Sitakudanganya kwamba Haboba alikuwa na jibu jepesi. Alikuwa amezika watu katika ile safari ya ukimbizini, alijua vizuri anachoambiwa. Akasema, "Wakikuja, watukute tuko watu. Mimi sitaki kulindwa na mgongo ya mtoto wa Namatala." Akainuka, akawaambia wanawake wafunike masufuria. Karama ikaahirishwa hivyo hivyo, watu wakaenda nyumbani na njaa, na mwenyekiti akaondoka bila kuaga.

Jumatatu tulipanda basi kwenda Jinja, Abdu na Haboba na mimi. Mahakama ilijaa washabiki. Mafabi aliletwa amefungwa pingu, amekonda, akamtazama Abdu kama mtu anayetazama mvua itakayomnyeshea. Dua la kuku halimpati mwewe, na alilijua hilo. Hakimu alipomsomea Abdu lile kosa dogo na kumwuliza kama anakiri, Abdu akasema, "Hapana, Mheshimiwa. Hilo ni dogo. Mimi nilipiga ngumi ya taya. Alianguka kwa ngumi yangu."

Ukumbi ukavuma. Mwendesha mashtaka akarusha kalamu mezani. Mafabi, ambaye hakuna aliyekuwa amemwuliza chochote, akainua mikono yenye pingu na kusema, "Na mimi nilipiga teke, Mheshimiwa. Hiyo pia ni kweli."

Hakimu alituliza watu, kisha akafanya jambo ambalo katika mapatano yote yale hakuna aliyelikumbuka. Alimwuliza Mwalimu Isabirye anataka nini. Maskini mwalimu, taya limefungwa kwa nyaya, alisema kupitia meno, polepole, na ukumbi wote ukainama kumsikiliza: "Nimesoma kwa gazeti kwamba nilisukumwa. Sikusukumwa. Nilitaka mtu aseme tu nilifanywa nini. Sasa wamesema. Mimi nawaomba muwapime wote kwa mzani mmoja."

Basi walipimwa kwa mzani mmoja. Hakimu aliwapunguzia wote wawili kwa sababu wamekiri yote, akawapa kifungo kimoja, kifupi, sawa kwa sawa. Abdu hakuwahi uteuzi. Timu ya taifa ilikwenda bila yeye, na miguu ya mchezaji, mwanangu, haisubiri. Na alichokiogopa kilitokea pia: wiki ile mtu alirusha mawe kwenye mabati yetu na kututukana kwa jina la zamani, watu wa jeshi. Nilimchukia Haboba kwa siku kadhaa. Nakuambia hivyo kwa sababu wazee wengine wakisimulia hujifanya walielewa kila kitu palepale. Mimi sikuelewa. Nilielewa polepole, nikiwaona Abdu na Mafabi miaka iliyofuata, wakifundisha mpira watoto wa Namatala kwenye kiwanja cha vumbi, wakigombana juu ya nani acheze winga. Watu wawili wenye siri mbaya kati yao hawagombani kwa raha namna ile.

Nakusimulia haya kwa sababu siku hizi nakusikia na wenzako mkibishana: mwanariadha fulani amemgonga mtu kwa gari, mwanamasumbwi fulani amempiga mkewe, na ninyi mnasema aachiwe, anatuletea medali, apatane na serikali yaishe. Mwanangu, mimi siyakatai mapatano. Anayekiri apunguziwe, huo ni ubinadamu, na mahakama zetu zimejaa. Lakini kabla hujamshangilia unayempenda, tazama kama mlango huo umefunguliwa pia kwa asiye na jina. Tazama kama aliyeumizwa ameulizwa. Na sikiliza vizuri kinachokiriwa: je, ni kosa lenyewe, au ni kipande kilichokatwa kimtoshe mwenye jina? Wahenga walisema mgala muue na haki umpe. Basi na unayempenda, mpende na haki umdai. Ukimwachia, hukumpenda yeye, umependa magoli yake.

Mungu akupe mtu wa kumpenda na kumshangilia mpaka sauti ikauke, na akupe moyo wa kumwambia kweli siku atakayokosea. Usiwe kamwe mtu ambaye furaha yake imesimama juu ya kilio cha mama wa mwingine. Na kama siku moja wewe ndiye utakayesimama kizimbani, Mungu apishe mbali, nakuombea upate bibi kama yule, atakayekupenda kiasi cha kukataa uokoke peke yako.