Siku Niliyotangaza Dhoruba Wamagana

Mpaka leo nikipita karibu na kwa Cucu Wambura, bibi jirani yetu, huinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha, maana najua sauti itatoka shambani, "Dhoruba! Leo tuanue nguo?" na watu watacheka, nami nitacheka pia, lakini masikio yatanichoma. Afadhali niwaambie mwenyewe ilivyokuwa.

Mimi niliishia darasa la nane na sasa nalima na mama hapa Wamagana. Kuongea mbele ya watu siwezi (nikiambiwa nitasoma matangazo kanisani Jumapili, tangu Ijumaa natafuta wa kunishikia zamu). Sasa kikundi chetu cha wakulima kikanichagua niende Karatina kufunzwa mambo ya hali ya hewa, nirudi niwafundishe wengine, eti kwa sababu nina mwandiko mzuri. Mwalimu Otieno, mtu mpole wa kutoka upande wa ziwani, akatuonyesha ramani yenye mistari inayozungukana kama alama ya kidole gumba, akasema hewa ina uzito, ikikandamiza sana kuna jua, ikilegea mawingu hupanda na mvua huja. Hayo niliyashika. Tulipomaliza akanikabidhi barometa, chombo cha kupima huo mgandamizo, ikiwa bado ndani ya sanduku lake, imetoka Mombasa juzi.

"Nyawira, kabla ya kuitumia, irekebishe kwanza kulingana na mwinuko. Umeelewa?"

Sikuelewa. Mwinuko gani? Lakini wenzangu walikuwa wameshasimama na mifuko mkononi, wote wananitazama mimi, nikasema, "Nimeelewa, Mwalimu."

Neno hilo moja ndilo lililonimaliza.

Somo langu liliangukia siku ya ngwatio kwa Cucu Wambura, siku ambayo kikundi kizima huacha kazi zake na kumsaidia mmoja wetu, na ikikupita hivi hivi unangoja mpaka zamu izunguke tena. Maharagwe yake ya msimu mzima yalikuwa uani juu ya turubai, yanangoja kupigwa fimbo. Hana kingine cha kula wala cha kuuza. Tulikubaliana nifundishe kidogo kwanza, halafu kazi ianze, na Mwalimu angefika baadaye aone nimeendeleaje.

Nilichora ramani kwa makaa juu ya gunia, nikalitundika ukutani, wanafunzi wangu wakaketi (wa umri mdogo kabisa kati yao ana wajukuu). Nikafungua sanduku. Kwenye uso wa ile barometa kuna maneno ya jua, mabadiliko, mvua, na mwisho kabisa dhoruba. Mshale ulikuwa umepita mvua, umepita dhoruba, umelala chini mahali pasipoandikwa kitu.

Nikaigonga. Haukusonga.

"Inasema nini?" akauliza Baba Muthoni, mwenyekiti wetu.

"Dhoruba. Tena... imepita dhoruba."

"Imepita ikaenda wapi?"

Cucu aligeuka akautazama mlima. "Ati dhoruba? Na Kirinyaga iko wazi hivyo, mpaka barafu naiona? Mvua itatoka wapi, mjukuu wangu?"

Ningemsikiliza yeye. Lakini niliyatazama yale maharagwe, nikawaza, nikinyamaza na mvua ije nitamwambia nini huyu mama? Na mimi ambaye sijawahi kupaza sauti maishani nikapiga kelele, "Anueni! Anueni yote!"

Wakanitii, Ngai wangu, hapo ndipo mambo yalipoharibika. Maharagwe yakasombwa na maganda yake, mengine yana unyevu bado, yakarundikwa jikoni. Githeri, mahindi na maharagwe ya chakula chetu cha mchana, ikaepuliwa kabla ya kuiva. Mbuzi wakaingizwa ndani kwa sababu banda lao linavuja. Baba Muthoni akapanda kuweka mawe juu ya paa, na akiwa huko juu akampigia simu ndugu yake wa ng'ambo ya mto, aliyekuwa ameshasimamisha hema la ruracio, sherehe ya mahari ya binti yake, amwambie alishushe upesi. Kisha tukajifungia humo jikoni, watu na kuku na mbuzi, tukangoja.

Tukangoja sana. Mabati yakaanza kulia kwa joto la jua. Mbuzi mmoja alisikika akitafuna gizani, na sote tulijua anatafuna nini.

Pikipiki ikasimama nje. "Hodi! Mbona mmejifungia?" Ilikuwa sauti ya Mwalimu.

"Tunangoja dhoruba yako!" akajibu Baba Muthoni.

Mwalimu akaichukua barometa. "Nyawira, uliirekebisha?"

Nikatikisa kichwa, la.

"Huku tuko juu, hewa ni nyepesi siku zote," akasema polepole. "Hii inadhani bado iko baharini." Akazungusha skrubu ya nyuma, na mshale ukapanda, ukaiacha dhoruba, ukaiacha mvua, ukasimama kwenye jua. Wakati huo huo simu ya Baba Muthoni ikalia, na sote tukamsikia ndugu yake: "Hiyo dhoruba imefika wapi? Wageni wameingia!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Cucu hakucheka. Alitia mkono katikati ya lile rundo, akasema, "Yameanza kupata joto."

Kicheko kikakatika. Maharagwe yakipata joto huoza. Tuliyatoa mbio, tukayatandaza upya, na hakuna aliyekwenda nyumbani. Tulipiga fimbo mpaka jua likazama, githeri tukaila ngumu vile vile, na viganja vyangu vikatoka malengelenge. Maharagwe yaliokoka, isipokuwa fungu la mbuzi.

Nilidhani Mwalimu hataniita tena kwenye mafunzo, lakini aliniita. Mwisho wa somo akauliza, "Mmeelewa?" na darasa zima la Karatina (habari zilishafika huko) likageuka kunitazama. Nikainua mkono, nikamwomba aeleze tena tangu mwanzo. Aliyekaa kando yangu, ambaye daftari lake lilikuwa tupu, akashika kalamu upesi.

Na siku hiyo nilikuwa nimeelewa.