Viatu Nilivyovua Kwenye Theluji

Ndugu na dada, nimeona mlivyotazama miguu yangu pale mlangoni. Ndiyo, nimeingia na viatu. Najua kanisa letu haliingiwi na viatu, na kwa miaka mingi nimeacha vyangu pale nje kama ninyi. Leo sikuviacha, na kabla sijakaa mtajua kwa nini. Mzee Zakayo, kiongozi wetu, ameniomba nisimame niwaeleze jinsi maombi yalivyoniponya. Mungu nitamshukuru, hilo halina shida. Lakini nina hasira, na hasira hiyo nimeingia nayo pia.

Wengi mnanijua, mimi ni Mama Auma wa Silanga. Nalima sukuma wiki kando ya bwawa. Kabla sijaugua nilikuwa naibeba kichwani kila asubuhi mpaka Kawangware, kwa miguu, kwenda na kurudi. Mume wangu ni fundi wa mbao, na kazi yake leo ipo, kesho haipo. Miguu hii ndiyo iliyolisha watoto wetu. Kwa hiyo kikundi cha kupanda milima kilipoanza hapa kanisani, mimi nilikuwa wa kwanza kusimama. Tulipanda Ngong mara nyingi. Tunatoka asubuhi, jioni tumerudi, tumechoka na mbavu zinauma kwa kucheka. Nilizipenda sana siku zile. Hilo nalo linanikasirisha, kwa sababu zimeharibiwa.

Pasaka ya mwaka jana tukaenda Mlima Kenya. Masika yalikuwa yameanza, na mvua ya huku chini, kule juu ni theluji. Mzee Zakayo alikuwa ametufundisha kwamba atakayeomba amesimama kwenye theluji atashuka ameoshwa moyo. Tulilala kwenye kibanda cha chini, alfajiri tukaanza kupanda. Jua lilitoka vizuri. Kichwa kiliniuma na tulihema sana, lakini tulivutana mikono kwenye matope tukiimba. Karibu nami alikuwa rafiki yangu Rosa, yule anayeuza makaa. Tulipofika kwenye theluji, wengine walilia kwa furaha. Mimi niliila kidogo, nikacheka.

Hapo Mzee akasema tumefika patakatifu, tuvue viatu. Tukavua. Nani angekataa? Tangu tuingie kanisa hili hatujui kuomba na viatu. Rosa peke yake hakuinama.

"Mzee, Mungu anaiona hii baridi," alisema. "Mimi sivui."

Akaambiwa imani yake ni ndogo, akae kando. Akakaa kando na viatu vyake.

Mimi ndiye mwanzilishi wa nyimbo, kwa hiyo nilisimama mbele, theluji imenifika juu ya vifundo. Kwanza miguu iliuma kama inakatwa na kisu. Halafu ikawaka moto. Halafu maumivu yakaisha kabisa, nami nikafurahi, nikadhani Roho ameshuka. Tuliomba muda mrefu sana. Mzee Zakayo naye alivua, msije mkasema namsingizia. Alivua, akasimama juu ya blanketi lililokunjwa mara nne. Alisema wazee wana baridi ya mifupa. Sisi mifupa yetu ilikuwa ya nini?

Tulipomaliza, vidole vyangu vilikuwa vyeupe na vigumu kama mshumaa. Nilivaa viatu kwa kutazama, maana kugusa sikuhisi kitu. Kushuka nilianguka mara kwa mara. Wenzangu walikuwa wamekufa ganzi, wengine walichubuka baadaye, lakini walipona.

Sasa sikieni jambo lingine. Sisi watu wa Silanga hatuendi popote bila jiko. Tulikuwa tumebeba jiko na makaa ya Rosa mpaka kibandani. Nilipofika, wenzangu walinihurumia, wakaliwasha, wakaiweka miguu yangu juu yake. Nilikaa hapo nikinywa chai. Nikasikia harufu ya nyama, nikauliza ni nani anachoma. Rosa alipiga kelele, akaivuta miguu yangu. Ile nyama ilikuwa nyayo zangu, na mimi sikuwa nimesikia hata joto.

Wale walioniwekea jiko siwalaumu, walifanya tunavyofanya nyumbani. Mtu akiwa na baridi, unamsogeza kwenye makaa.

Nyumbani miguu ilivimba. Malengelenge yenye damu yakatoka, yakapasuka, vidole vikawa vyeusi. Mzee Zakayo alikuja kila siku na mafuta ya kuombea. Alisema nikienda hospitali nitakuwa nimemwaibisha Mungu mbele ya wapangaji wenzetu wote. Homa ikapanda. Harufu ikawa mbaya mpaka watoto wangu wakala nje. Siku moja mume wangu alirudi kazini akamkuta Mzee ameishika miguu yangu, anaimba. Mume wangu si mtu wa maneno mengi.

"Mzee, hii mguu inaoza na wewe unaimba," alimwambia. "Enda uimbie kwako. Mimi napeleka bibi yangu kwa daktari."

Akanilaza kwenye mkokoteni wake wa mbao, akanisukuma mpaka hospitali. Daktari alifungua vitambaa. Kisha akauliza, "Nani alichoma hii miguu?" Akaniambia wazi kwamba uozo ukipanda, mguu wa kushoto atakata chini ya goti, na ukitulia, atakata vidole tu. Ilibidi tungoje sindano zifanye kazi, na nyama iliyokufa ijitenge na iliyo hai. Nililala pale nikitazama ule weusi asubuhi na jioni. Niliwaza njia yote ya Kawangware, kila mteremko, nikijiuliza nitaipitaje na mguu mmoja na gunia kichwani. Nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa maumivu.

Uozo ulitulia. Wakakata vidole vyote vya kushoto, na vya kulia wakaniachia viwili. Nilijifunza kutembea upya kama mtoto, nimeshika ukuta. Na wakati huo wote nani alipeleka sukuma wiki yangu Kawangware? Rosa, yule mwenye imani ndogo. Aliacha makaa yake asubuhi, akatembea badala yangu, watoto wangu wakala.

Nawashukuru, basi. Namshukuru Mungu, aliyenipa daktari, mume mkaidi na Rosa. Maombi yenu nayashukuru pia. Lakini Mzee Zakayo alitaka niseme maombi tu, nisitaje jiko wala sindano wala blanketi. Juzi nimejua sababu. Pasaka hii anapeleka vijana mlimani, na ushuhuda wangu ndio wa kuwatia moyo wavue viatu kwenye theluji. Yaani miguu yangu iwe ndoano ya kunasa watoto wa watu!

Vijana, mlima ni mzuri, pandeni. Vaeni soksi, na viatu msivitoe. Mguu ukifa ganzi, ukausheni, muufunike, mshuke upesi kwa daktari. Usiguse moto. Anayewaambia baridi ni kipimo cha imani, mwambieni mmemwona Mama Auma.

Sasa navua viatu, hapa mbele yenu. Cha kushoto kina matambara pale palipokuwa vidole, ngojeni niyatoe. Haya. Njooni mmoja mmoja mtazame, kisha kila mtu atoke nje akavae viatu vyake. Mzee Zakayo, njoo uanze wewe.