Mkono wa Mama Jua Ukutani

Kila asubuhi, kabla hajamwamkia mtu, Mama Jua, fundi taa wa studio ya filamu, hufuta vioo vya taa zake kwa kitambaa laini. Hufuta kwa mkono wa kulia tu. Wa kushoto hukaa ndani ya mfuko wa aproni, na wageni wa studio hudhani ni maringo. Kumbe alizaliwa na vidole vitatu upande huo, na tangu wenzake shuleni walipomwita Uma, amekuwa akiuficha mkono huo.

Anaishi na binti wa kaka yake, msichana wa vitabu na maneno machache, ambaye kila jioni Mama Jua humsimulia habari za kazi yake. Mwaka ule kazi ilikuwa filamu ya mji wa kubuni, ambako watoto hupangwa maabara kabla ya kuzaliwa, wawe warefu, wazuri, bila kasoro hata ya kucha. Asiyepangwa hana nafasi.

"Katika mji ule mimi nisingekuwepo," Mama Jua alisema akivua viatu, akacheka peke yake.

Mwongozaji alitaka watazamaji wauogope mji huo bila kuambiwa wauogope. Kwa hiyo mpiga picha aliifunga kamera isitikisike hata chembe, nyuso zikakaa katikati kama picha za pasipoti. Waigizaji walifundishwa kutembea kwa mwendo mmoja. Mama Jua akapewa kazi ya kuua vivuli. Alizungusha taa nyeupe pande zote, juu na chini, mpaka watu wakaonekana kama wamebandikwa hewani. Ukitazama, mwili unasisimka na hujui kwa nini. Alijivunia kimyakimya.

Ikafika siku ya kivuli. Katika tukio hilo, shujaa, aliyezaliwa bila kupangwa na kujificha miaka yote, anagundulika: kivuli cha mkono wake wenye kasoro kinatua kwenye ukuta mweupe, cha kwanza katika filamu nzima. Mpambaji alikuwa amemshonea mwigizaji glovu ya vidole vitatu.

"Hii soksi ya nani?" mpiga picha akauliza kilipotokea kivuli cha glovu hiyo. Studio nzima ikaangua kicheko.

Mwongozaji hakucheka. "Basi, tulikate tukio hili. Bila mkono wa kweli ni mzaha mtupu."

Mama Jua akautazama ukuta. Vivuli vyote alivyoviua vilikuwa vya kukitengenezea njia hiki kimoja. Lakini kikipigwa picha kwa mkono wake, kila mtu atauona. Akautoa mfukoni.

"Huu hapa."

Kicheko kikakatika.

"Mama, una hakika?" mwongozaji aliuliza.

"Washa kamera, nisije nikaghairi."

Alizima taa zote, akabakiza moja, akasimama mbele yake na kuuinua mkono. Kamera ikaanza. Ghafla ukuta ukawa mweupe tena: mpambaji, ambaye wiki zote zile alikuwa akimsaidia kuua vivuli, alikuwa ameona kivuli na kwa mazoea akakimbilia kuwasha taa ya pembeni.

"We! Kiache!" Mama Jua akafoka. "Hicho changu!"

Wakarudia. Vidole vitatu vikapanda ukutani, virefu, vyeusi, vimetulia.

Siku ya maonyesho, Mama Jua na binti wa kaka yake walikaa safu ya nyuma. Kivuli kilipotua, mtu mmoja akaguna kwa mshtuko. Walipotoka nje, msichana aliuliza kwa sauti ndogo:

"Shangazi, nikiwaambia rafiki zangu kwamba ni mkono wako, utaudhika?"

"Waambie. Na taa niliiweka mimi, hiyo usiisahau."