Skrubu Mbili za Bunduki ya Vihtori

Ukimletea Tauno Lepistö bunduki ya zamani, hataitazama kwanza. Ataiinamia na kuinusa. Mbao za bunduki za jeshi la Wafini zilipakwa lami ya msonobari, na harufu yake haitoki hata bunduki ikae miaka hamsini darini chini ya magodoro mabovu. Akishanusa, hupitisha kidole gumba chini ya mbao, taratibu, akitafuta pale vipande viwili vilipoungwa kama vidole vya mikono miwili inayosali. Halafu hutafuta herufi. S na A ndani ya kisanduku ni za jeshi. S yenye vitawi vitatu vya msonobari kichwani ni ya mgambo. Mwisho kabisa huchukua bisibisi ya kutolea mbao, akamwambia mwenye bunduki, "Sasa tumvue koti."

Hivyo ndivyo walivyomjua watu wa kijiji chake, Sorvajärvi. Kazi iliyompa pensheni ilikuwa ya reli: alitembea juu ya mataruma, magogo yanayobeba reli, miaka na miaka akigonga vyuma na kusikiliza kama vina ufa. Mapenzi yake yalikuwa katika kabati la chuma lililokuwa kwenye chumba cha nyuma, bunduki zimesimama bega kwa bega kama wazee kwenye mazishi.

"Waume wa wenzangu huenda kucheza dansi," mkewe Irja alikuwa akisema.

"Unataka nikacheze?"

"Hapana. Nimeshakuona ukicheza."

Wajane walimletea bunduki za marehemu, na waliouza mashamba walimletea walichokikuta ghalani. Wengi waliona mwaka uliochongwa kwenye mkia wa chuma, chini ya mbao, 1895 au 1902, wakashtuka kuwa wamerithi mali ya mfalme wa Urusi. Tauno aliwatuliza kwa maneno yaleyale. Mwaka ulio mkiani ni umri wa chuma, si umri wa bunduki. Wafini waliokota miili ya bunduki za Warusi, yaani kile chuma cha katikati mtutu unapofungwa, wakaiweka rundo moja, na kila mwili ukapewa mtutu mpya. Atakaye kujua bunduki ilizaliwa lini, autazame mtutu.

Maneno hayo aliwapa watu wote, ila mwenyewe hakuwahi kuyatumia kwa bunduki iliyosimama nyuma kabisa ya kabati, ndani ya gunia.

Ilikuwa ya babu yake, Vihtori, aliyeigeuza kuwa bunduki ya kuwindia kulungu wakubwa wa msituni. Aliukata mtutu, akaichongea mbao mpya ya mbetula, mti wa huko wenye gome jeupe, na juu akafunga bamba la kushikia darubini, likafunika kila kitu kilichokuwa kikisomeka. Kilichobaki cha kusoma kilikuwa chini, mahali mbao ilipokumbatia chuma, na hapo palifungwa kwa skrubu mbili.

Kijiji kilikuwa na neno lake juu ya bunduki hiyo. Mwaka 1918 Wafini walipopigana wao kwa wao, Weupe na Wekundu, vita viliisha mwezi wa Mei kwa wanaume wa Wekundu kupelekwa kwenye shimo la changarawe nyuma ya kanisa na kupigwa risasi. Mmoja wao alikuwa Oskari Salin, fundi viatu, aliyeacha mke na mtoto wa kike anayenyonya. Nani aliyefyatua, hakuna aliyesema waziwazi. Lakini Vihtori alikuwa kijana upande wa Weupe, na miaka ya baadaye alionekana na bunduki. Waswahili husema lisemwalo lipo, na watu wa Sorvajärvi, wasiojua methali hiyo, waliiishi vilevile. Walisema: ile aliyonayo Vihtori ndiyo ya shimoni.

Kisha ikaja siku moja ya mawindo, Tauno akiwa na miaka ishirini. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, wanaume wakaingia kwenye kibanda kukausha silaha. Mmoja akaifungua bunduki ya Vihtori, akaugeuzia mkia wake kwenye mwanga, akasoma: 1897. "Basi ni ya wakati ule," akasema. Vihtori aliichukua mikononi mwa yule mtu, akaifuta, akairudishia mbao, akatoka nje mvuani. Hakujibu. Hakujibu siku hiyo wala siku nyingine, mpaka wakamzika.

Ndiyo iliyomfanya Tauno aanze kusoma bunduki. Na alipojua kusoma, akaogopa. Mtutu wa zamani ungesema kijiji kilisema kweli. Mtutu mpya ungesema bunduki hii haikuwepo mwaka ule. Kwa kuwa Tauno hakuifungua, babu yake alibaki nusu mwenye damu mikononi na nusu mtu mwema aliyemfundisha kuteleza kwenye theluji. Na mtu anaweza kuishi na nusu, ilimradi asiulizwe.

Aliulizwa Jumapili moja ya Septemba, mwaka wa themanini tangu vita vile. Lahja Salin, yule mtoto aliyekuwa akinyonya, alipanda ngazi za nyumba yao kwa mkongojo wake. Mwezi uliofuata alikuwa anahamia nyumba ya wazee mjini.

"Karibu, Lahja," Irja alisema. "Kahawa iko motoni, na mkate wa hiliki umetoka sasa hivi."

"Sikatai kahawa. Lakini nimekuja kwa mumeo." Alikaa, akauegemeza mkongojo mezani. "Kijana, wanasema wewe husoma bunduki kama wengine wanavyosoma gazeti."

Tauno alikuwa na miaka sitini. Ni Lahja peke yake aliyekuwa bado akimwita kijana.

"Najaribu," akasema.

"Basi nisomee ya babu yako."

Irja aliiweka birika chini bila sauti.

"Lahja," Tauno alisema, "huenda usipende kitakachosomwa."

"Nina miaka themanini na moja. Nisivyovipenda nimevila vingi, vingine bila chumvi. Nikifika huko mjini nitapewa chumba chenye dirisha moja na muda mwingi wa kuwaza. Sitaki kuwaza hili."

"Skrubu zake zimeshika kutu."

"Wewe ndiye umeshika kutu," Irja alisema. "Kailete."

Akaileta. Alitandika gazeti mezani, akaivua gunia, akachomoa komeo na kuchungulia kama haina risasi, kwa mazoea. Akatia tone la mafuta kwenye kila skrubu, akangoja. Skrubu ya kwanza ilizunguka kwa wepesi uliomwudhi, kana kwamba ilikuwa ikimsubiri. Ya pili ililia kidogo, ikatoka. Chuma kikajiinua kutoka kwenye mbao.

Mkiani palikuwa na mwaka ule, 1897, na tai wa Kirusi mwenye vichwa viwili juu yake.

"Ndio waliouona?" Lahja aliuliza.

"Ndio."

"Endelea."

Alichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akausugua mtutu upande wa chini. Grisi ya zamani ilikuwa imeganda, nyeusi kama masizi ya sauna, kile chumba cha kuoga kwa mvuke. Akasugua tena. Herufi ikatokea: S. Juu yake vitawi vitatu. Na kando, ndogo, zimekaa sawasawa kama meno ya mtoto, tarakimu nne.

Tauno alisimama, akaenda nayo dirishani. Akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Tauno," Irja alisema, "pumua."

"Elfu moja mia tisa ishirini na tisa," akasema. Sauti yake ilitoka kwa mbali. "Ni ya mgambo. Mtutu ulitengenezwa mwaka wa ishirini na tisa."

Lahja aligeukia dirishani. "Haiwezekani walibadilisha mtutu tu? Yeye akabaki na bunduki yake ileile, ikatiwa bomba jipya?"

Lilikuwa swali zuri, na Tauno alifurahi kuwa ameuliza yeye. Akamsogelea, akamwonyesha kwa ncha ya bisibisi. "Ingekuwa hivyo, ingebaki mwilini namba ya utambulisho ya kwanza, imekatwa mstari, na mpya kando yake. Hapa kuna namba moja tu, safi. Mwili huu ulitoka kwenye rundo. Ulikuwa umelala kwenye bohari fulani, hauna mtutu, hauna mwenyewe. Babu alipewa bunduki hii huko mgambo wakati wewe umeshakuwa msichana."

"Kwa hiyo ile Mei…"

"Ile Mei bunduki hii ilikuwa haijazaliwa." Akaketi karibu naye. "Lakini nisikudanganye, Lahja. Kusoma kwangu kunaishia kwenye chuma. Mtu alikuwa wapi siku ile, hilo chuma hakilisemi."

"Waliosema ni yeye walinyoosha kidole wapi? Si kwenye bunduki? Kulikuwa na jingine?"

"Hapakuwa na jingine."

Bibi kizee aliushika mkongojo wake. Kisha akaanza kusema, macho yake yakiwa juu ya meza.

"Baada ya baba kuuawa, mtu alikuwa akituachia kopo la maziwa mlangoni alfajiri. Majira yote ya baridi. Mama alichungulia, akamwona ni Vihtori. Aliyapokea kwa ajili yangu, ila yeye hakuyaonja, hata tone. Nilipokua akaniambia: watu huleta maziwa kwa sababu mbili, wema au dhamiri inayowasuta, na hii sijui ni ipi. Akafa hajui. Mimi nikabaki nalo. Nimelelewa na maziwa yale, kijana. Miaka yote hii sijui nimelelewa na nini."

Irja aligeukia jiko, akafuta macho kwa aproni.

"Kumbe yalikuwa maziwa tu," Lahja alisema.

"Siwezi kuapa."

"Sijakwambia uape. Nimekwambia unisomee, umesoma."

Tauno alitaka kucheka na hakuweza; kitu kilichokuwa kimekaa kifuani mwake tangu kibanda kile cha mvua kilikuwa kikishuka polepole, na alikiachia kishuke. "Kwa nini hakusema?" akauliza. "Siku ile walipoisoma mbele yake. Angesema tu: jamani, hii nilipewa mgambo miaka ya baada ya vita."

"Labda alijua wasingeamini. Ukikana, wanasema umekana."

"Au hakujua kuna mwaka chini ya mtutu," Irja alisema, akimimina kahawa. "Mtu akinunua ng'ombe hampindui kumsoma tumbo."

Lahja alicheka kwanza, cheko dogo lenye kikohozi, na ndipo Tauno naye akacheka, akacheka mpaka Irja akamwondolea kikombe asije akakimwaga.

Walikula mkate wote. Baadaye Tauno alijaribu kuirudishia bunduki mbao yake, lakini skrubu haikutaka kukaa kwenye tundu, basi akaiacha ilivyo, wazi juu ya gazeti, akamsindikiza Lahja nyumbani. Walipita njia ya nyuma ya kanisa. Shimoni palikuwa pameota mibetula, majani yameanza kugeuka manjano. Lahja alisimama hapo kidogo, akapumzika juu ya mkongojo wake, kisha wakaendelea.

"Waliosema wamekufa karibu wote," akasema wakiwa langoni pake. "Tutamwambia nani?"

"Watoto wao wapo. Alhamisi wawindaji wana mkutano, kabla ya msimu. Nitaipeleka."

"Ikiwa imevuliwa koti?"

"Imevuliwa. Kila mtu asome mwenyewe."

Lahja alifikiri. "Wangoje waanze kula supu ndipo useme," akamshauri. "Mtu mwenye kijiko mdomoni hakatizi."

Tauno akaahidi. Akangoja mpaka alipoiona taa ya jikoni mwa Lahja ikiwaka, ndipo akageuka kurudi, mikono mfukoni, akitembea kwa hatua zile ndogo za mtu aliyezoea mataruma. Na alipofika karibu na nyumba akasikia Irja akipasua kuni za sauna, akaongeza mwendo akamsaidie.